Sura Moja kwa Siku

Evaristi alilipasua daftari la michoro vipande viwili, akavitia vyote kwenye jiko la mchoma mahindi.

"Kachore tena sasa, Mrundi wewe," akasema.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakacheka. Nsabimana alikuwa fundi cherehani wa kibaraza cha jirani. Alitazama kazi yake ya karibu mwaka mzima ikijikunja motoni, na moyoni alimchukia Evaristi kuliko alivyowahi kumchukia binadamu yeyote.

Nsabimana alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Reverien, kijana ambaye siku hizi alifika nyumbani kula na kulala tu. Upweke ndio uliomfundisha kuchora. Alijiwekea sharti: sura moja kila siku, kuwe na nguo za kushona kusiwe nazo. Mwanzoni alimchora mwanawe usingizini, mpaka mkono ukatulia. Kisha akahamia kwa watu wa sokoni Kasulu. Zile za kwanza zilikuwa aibu tupu, pua zote kama viazi, lakini hakuacha. Na kwa kuwa Evaristi, mwenyekiti wa kijiwe, ndiye aliyekaa kumwelekea kutwa nzima, yeye alichorwa kuliko wengine.

Uhasama ulianzia hapo. Nsabimana akimsalimu "Mwakeye," mwenzake anatema mate pembeni. Evaristi akasambaza maneno kwamba fundi ni mpelelezi, anachora sura za watu ili azipeleke kwa majambazi ng'ambo ya mpaka. Wateja wakaanza kupungua. Nsabimana alizaliwa hapahapa na karatasi za uraia anazo, lakini nani anauliza karatasi mtu akishaitwa mpelelezi?

Wala kuchoma daftari hakukumtosha Evaristi. Alimkaba fundi ukosi wa shati, akampakia mshikaki kati yake na kijana mwingine, pikipiki ikaenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi.

Pale kituoni, Bi Zaitun mwenye duka alikuwa ameketi kwenye benchi. Jioni iliyopita, umeme ulipokatika, vijana walivamia duka lake wakampiga mumewe, Mzee Nurudini, nondo ya kichwa. Mpaka saa ile alikuwa hospitalini, hajazinduka.

"Afande, huyu anachora watu," akasema Evaristi. "Ukimwacha, kesho watavamia kwako."

Askari akamtazama Nsabimana juu hadi chini. "Kuchora sura unajua kweli?"

"Najifunza, afande."

Askari akamsukumia karatasi na penseli. "Mama alimwona mmoja wao kwa mwanga wa tochi, kitambaa kilipomvuka usoni. Sasa mama ataeleza, wewe utachora. Ukichora cha maana, unarudi kwenye cherehani yako. Ukichora upuuzi, unalala humu ndani."

Evaristi akaegemea kaunta aone fundi akiadhirika.

Bi Zaitun alieleza kwa sauti iliyokauka. "Kijana. Uso mwembamba, macho yamesogeleana. Mdomo wa juu umenyanyuka kidogo, utadhani anataka kucheka. Na unyusi mmoja umekatika katikati."

Nsabimana alikuwa ameshachora mviringo wa uso na jicho moja. Akasita. Aliomba wembe, akachonga penseli ambayo bado ilikuwa na ncha. Alichonga polepole, vumbi jeusi likamwangukia magotini. Kisha akaomba karatasi nyingine.

Safari hii hakumwuliza mama chochote. Mkono ulikwenda wenyewe, haraka, bila kufuta.

Askari akauweka mchoro mbele ya Bi Zaitun. Mama akautazama sana. Macho yake yaliyovimba kwa kilio yakatoka kwenye karatasi, yakapanda, yakatua kwa yule aliyeegemea kaunta. Akainuka kwenye benchi.

"Ndiye," akasema. "Mungu wangu, si huyu hapa!"

Kwanza Evaristi alicheka. Alipoona askari hacheki, akaanza kubabaika. "Afande, huyu ananichora kila siku! Sura yangu ameikariri!"

"Hiyo michoro iko wapi?"

Evaristi akageuka kutazama mlango. Askari akazunguka kaunta na pingu mkononi.

Tusidanganyane, kumwona adui yako akivuliwa mkanda na viatu ni kitu kitamu, na Nsabimana alikionja. Aliporudi sokoni habari zilikuwa zimemtangulia. Vijana wa kijiwe walimpisha njia, mmoja akamwita "mzee wangu" na kumpa pole. Mchoma mahindi alikwepa kumtazama. Bi Zaitun alikuwa amemshika mikono yote miwili pale kituoni, akamwombea dua ndefu, na hakuna siku watu wa mji huu walipomtazama fundi kwa heshima kama jioni ile.

Alifunga cherehani mapema akaenda nyumbani. Reverien alikuwa ameamka, anakula ugali na maharage. Nsabimana akasukuma mlango nyuma yake, akatia komeo, wala hakuketi.

"Ukimaliza kula, panga nguo zako," akamwambia. "Asubuhi unapanda basi la Kibondo, kwa shangazi yako. Yule mama alikuona vizuri sana."