Kipande cha Kurejesha

Mwanakheri alikuwa amekaa eda, hivyo alisikiliza nyuma ya pazia. Badi, shemeji yake, ndiye aliyemleta fundi kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya marehemu mumewe.

“Nitafuta vyote, ila hiki kipande cha kurejesha nakiacha,” fundi alisema. “Mashine ikiharibika, ndicho kinachoirudisha ilivyokuwa.”

“Kifute nacho,” Badi alisema haraka. “Kinakula nusu ya nafasi ya diski bure.”

“Kwa kawaida huwa kidogo tu, bwana. Hebu nitazame.” Fundi akabonyeza vitufe. “Ajabu. Kweli ni nusu.”

Na Badi alikuwa amemwapia Mwanakheri kwamba kompyuta ya kaka yake hajawahi hata kuifungua.

“Fundi,” Mwanakheri aliita, “kiache.”

Kiti kilikwaruza sakafu.

“Bwana, mbona unaichomoa mashine kwenye umeme?” fundi aliuliza.

Mwanakheri akalishika pazia kulifungua.