Mikono Niliyoikabidhi

Mchezaji wa timu ya taifa ya gofu akistaafu, mashine huhamisha ustadi wa mikono yake kwa chipukizi, ili taifa lisianze upya kila mara. Ndiyo sheria. Mimi ustadi wangu nilimkabidhi binti mmoja anayeitwa Tumpe, nikapigiwa makofi.

Hakuna aliyeniambia kwamba mashine haichagui. Jumapili nilimkalisha mwanangu Aika katikati ya magoti yangu nimsuke, kama kawaida yetu. Vidole vikasimama tu kwenye nywele zake, kama vya mgeni.

"Mama, unaniumiza."

Nikamfunga kitambaa.

Jana tulimtazama Tumpe kwenye runinga. Aliupiga mpira kwa mpigo wangu ule ule, ukaingia kishimoni, nami nikashangilia kama mwendawazimu. Kisha wakamwonyesha amekaa kwenye nyasi, anamsuka mwenzake. Kila alipomaliza msuko, alimgusa kisogo kwa kidole gumba.

Aika akashika kisogo chake, pale pale nilipozoea kumgusa nikimsuka.

Leo asubuhi nimemkuta mlangoni, kavaa viatu, chanuo mkononi.

"Mama, nipeleke kwa dada Tumpe. Akishanisuka, nitarudi."