Kiganja cha Bi Rukaya

…kumbe hasikii kabisa, shoga, hata chembe! Miaka yote Bi Rukaya anapima amplifaya kiwandani kwa kiganja: ikipata moto ni nzima, ikibaki baridi ni mbovu. Leo zikaja za aina mpya, zinakula umeme kidogo, hazipati moto. Akagusa ya kwanza, akaitia boksi la mbovu. Ya pili, vilevile. Na kila akiiunganisha, spika ya majaribio ukutani inaimba taarabu, sote tunaisikia.

"Bi Rukaya leo kanuna na taarabu," Seif wa meza ya pili akatania. Tukacheka.

Meneja akaja mbele yake. "Mama, hii si inaimba?"

Akamsoma midomo. Akaikandamiza ile amplifaya kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayeiomba ipate moto.

"Mbona baridi?" akamwuliza. Yaliyofuata nitakwambia kesho, leo siwezi.