Rangi Anayoitaka Mwenyewe

"Si hii," mteja alisema, akakirudisha mezani kipande cha bati kilichopakwa rangi ya mfano. "Mwenyewe amekataa tena."

Fundi aliishusha barakoa shingoni, akakaa juu ya ndoo. Hicho kilikuwa kipande cha tatu. Cha kwanza kilikataliwa, eti kinang'aa. Cha pili, eti kijani chake ni kibichi mno. Cha tatu alikuwa amehangaika nacho kweli: alifungua kiti cha dereva cha lori kuukuu aliloletewa alipake, akakuta chini yake rangi ya kiwandani ambayo jua halijaigusa tangu lori liko jeshini, akachanganya mpaka zikafanana. Na hiyo nayo inakataliwa!

"Mwambie hiyo ndiyo rangi ya jeshi. Hakuna nyingine."

"Nimemwambia. Anasema lilikuwa limepauka. Lilikuwa na vumbi."

"Mtu gani anakumbuka vumbi?"

Mteja alikuwa mwalimu wa hesabu, mpole, mwenye miaka hamsini na kitu, na lori hilo alilisaka mwaka mzima kwenye minada ya vyuma chakavu. Huyo Mwenyewe aliyekuwa akitajwa kila siku, Fundi alishamjua bila kumwona: afisa mstaafu, mkali, mwenye kutaka kulitazama gari lake la ujana kabla hajafumba macho. Kwamba ni mgonjwa, mwalimu alisema tangu siku ya kwanza. "Hana siku nyingi, fundi. Likichelewa, tumepata hasara ya bure."

Siku hiyo hiyo alieleza kwamba ameshapita gereji nne. "Zote nimekuta vijana."

"Vijana ndio wanaozijua hizi rangi za kompyuta."

"Nataka mtu mzima. Wewe una miaka mingapi?"

"Sitini na tatu."

Mwalimu akamwomba avue barakoa wasikilizane vizuri. Akamtazama, akamtazama tena, akamkabidhi funguo.

Sitini na tatu, na kifua kinapiga filimbi akipanda ngazi. Daktari alikuwa amemwambia aache rangi. Fundi alijibu kwamba ataacha baada ya lori hili, na safari hii alimaanisha. Jamani, alikuwa amechoka! Asubuhi anaamka amechoka, anakwenda kazini kuendelea kuchoka. Watu wakipita wanauliza lori limefikia wapi. Fundi amefikia wapi, hakuna anayeuliza.

Wakati wa kukwangua, mwalimu alitaka kusaidia, akapeleka mkono mlangoni.

"Usiguse hapo! Lina risasi!"

Mwalimu aliruka nyuma nusura aangukie kompresa.

"Risasi ya kwenye rangi, mwalimu," Fundi akacheka. "Rangi za zamani walitia madini ya risasi. Ukikwangua pakavu, vumbi lake unalivuta kifuani. Lazima paloweshwe." Kicheko kikageuka kikohozi, akalazimika kushika ukuta.

Kipande cha nne alitia kahawia kidogo na nyeupe kidogo, akakipaka, akakiacha kikauke bila kung'aa. Kisha akakiegemeza ukutani nje, akarudi nyuma hatua thelathini na kukitazama kutoka kando ya barabara. Mwalimu akaja kukichukua, na mchana simu ikalia.

"Ndiyo hiyo, fundi." Sauti ya mwalimu haikukaa sawa. "Mwenyewe amekishika, hataki kukiachia."

Basi ikabaki kulipuliza lori rangi. Alimwaga maji sakafuni kulaza vumbi, akafungua milango yote miwili ya gereji, akawasha feni ya kutoa hewa, akamfukuza mlinzi na sigara yake. Akavaa miwani, glavu na barakoa yenye vichujio vipya, kwa sababu vya zamani mkewe alikuwa amevitupa kwa hasira. Mkono wa kwanza wa rangi alipuliza mwepesi. Akasubiri ukauke, akapuliza wa pili. Siku ya tatu alipomaliza, bega lilikataa hata kuinua bunduki ya rangi aitundike.

Mwalimu alikuja na ovaroli mpya, ya kijani. "Hiyo yako imejaa madoa, fundi. Vaa hii. Na uliendeshe wewe, mimi gia zake siziwezi."

"Nikishalifikisha, nakwenda kulala," Fundi alisema. "Mwenyewe asije akaniambia kuna kipande cha tano."

Mwalimu alikaa pembeni yake, akionyesha njia kwa kidole. Wakasimama mbele ya nyumba ndogo yenye mlango wa buluu. Fundi alishuka polepole, akishikilia mlango wa lori, magoti yakilalamika. Alitafuta afisa kwa macho. Hakukuwa na afisa. Kulikuwa na bibi kizee kwenye kiti mlangoni, mwembamba, amefunikwa blanketi, na kipande cha bati mapajani.

Bibi alilitazama lori kutoka mbele mpaka nyuma. Kisha akamtazama Fundi. Blanketi likaanguka, naye akasimama bila kushikwa na mtu.

"Si nilikwambia?" alimwambia mwalimu, bila kumgeukia. "Miaka arobaini na tatu nakwambia. Kaka yako alichukuliwa na lori, atarudi na lori."

Akafika. Akamshika Fundi uso kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga.

"Mwanangu. Mbona umechoka hivi?"

Fundi alimtafuta mwalimu kwa macho. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya gurudumu la mbele, machozi yanamtoka waziwazi.

"Itika tu, kaka," alinong'ona. "Nakuomba."

Mikono ya bibi ilikuwa bado usoni pake, inasubiri.

"Nimechoka, mama," Fundi alisema. "Nimechoka sana."