Kimo cha Wawili

Mwasiti alikaa juu ya pikipiki, ncha za vidole tu zikigusa ardhi. Fundi Kibwana akatikisa kichwa. Akapiga magoti, akazilegeza springi za nyuma kwa spana mpaka kiti kikashuka na visigino vya Mwasiti vikatua chini barabara.

"Hapo sasa, dada. Hata ng'ombe akikupamia huanguki."

Mwasiti akacheka, akashuka, akamfuata mama yake kwenye benchi. Mama alikuwa mtu wa mwili, na miguu ilishamgomea. Wakasaidiana na fundi kumpandisha nyuma. Mwasiti akapanda mbele, akajizungushia kanga pamoja na mama, akaifunga fundo kifuani kama mtu aliyebeba mwanawe.

Pikipiki ikabonyea. Tairi la nyuma likakwaruza matigadi juu yake.

"Zirudishe juu springi, fundi. Zipandishe kuliko mwanzo."

"Ukiwa peke yako utaning'inia, dada. Utaanguka."

"Peke yangu naenda wapi?"

Kibwana akaitazama kanga iliyowafunga wawili. Pikipiki zote alizowahi kutengeneza, alikuwa akimpima mtu mmoja! Mwasiti akafungua kanga, wakamshusha mama, na fundi akazikaza springi kwa nguvu zake zote. Mwasiti akarukia kiti kilichoinuka, akasimama kwa ncha za vidole, akitetemeka, huku fundi akimpandisha mama tena.

Springi zikazama taratibu. Mama akauliza begani kwa Mwasiti, "Umefika chini, mwanangu?"

Kibwana alikuwa bado amepiga magoti, macho kwenye visigino vile vikishuka, vikishuka, mpaka vikaikuta ardhi.