Kahawa ya Mke wa Pili

"Acha ziungue," alisema Adija, na Bahati akaacha kukoroga.

Moshi ukapanda juu ya kikaango cha udongo, ukajaa uani. Buni zikapasuka kama mvua ya kwanza juu ya bati. Kwenye mkeka wa mlangoni, Mama Yuma, dada yake Amadi, mume wa Adija, alipiga chafya mara mbili.

"Aka, Adija! Kahawa iko inaungua!"

"Wifi, ndugu yako anapenda kahawa ya nguvu. Ni mimi minamupikia miaka makumi mbili, ao ni weye?"

Mama Yuma hakutoa jicho kwenye kikaango.

Kusema kweli, hakuna mtu mtaa mzima wa Kamalondo aliyeijua kahawa kama Adija. Alichambua buni moja moja, akitupa zilizotobolewa na wadudu. Alikaanga kwa moto mdogo, mkono haupumziki, mpaka zifike rangi ya tende. Kisha ungo: anapepeta, maganda yanaruka, buni zinapoa. Zilale usiku mmoja, ndipo kinu. Na maji yakichemka, anaepua kwanza, ndipo anatia kahawa. Hayo yote aliyajua kama Fatiha.

Bahati alikuwa anafundishwa mengine kabisa.

Amadi, mchuuzi wa vitenge, alikuwa ameona kwamba mke mmoja hamtoshi. Baba yake Bahati, fundi cherehani, alikubali posa kabla chai haijapoa, na ndoa ikapangwa Ijumaa. Kulibaki mlango mmoja tu. Katika ukoo wa Amadi, siku moja kabla ya ndoa, mchumba huleta kahawa yake mbele ya wazee. Bwana akiimaliza, basi, ni mke. Akikifudikiza kikombe, yamekwisha: binti anarudi kwao, na hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Na leo ilikuwa Alhamisi.

"Mufundishe mwenzako," Amadi alikuwa amemwambia mkewe, bila haya. Alimpa buni kilo moja. Tangu Katanga ijiite nchi, kahawa ya Kivu haikushuka tena. Hizi zilipita mpaka wa Sakania kwa treni, zimefichwa katikati ya vitenge. Zikiharibika, hakuna kujaribu mara ya pili.

Adija hakuitaka ndoa ile, na hakumficha Mungu jambo hilo.

"Sasa twanga," alisema.

"Zingali moto, mama?"

"Zingali moto."

Bahati akatwanga mpaka ikawa vumbi. Akaimwaga yote kwenye maji yanayotokota, ikatokota mpaka adhana ya adhuhuri.

"Nitie tangawizi?"

"Tia. Na karafuu, mukono muzima."

"Na chumvi, mama? Kwetu banasema chumvi inaamusha kahawa."

Adija akamtazama kidogo. "Tia, mutoto. Ba kwenu banajua."

Mama Yuma akacheka kwa pua. "Weye Adija, unamufundisha ao unamuzika?"

"Patience, wifi. Kahawa ni patience."

Alasiri wazee waliketi sebuleni. Bahati akapiga magoti na sinia. Amadi akanywa funda la kwanza, macho yakamtoka, akameza kama anayemeza kwinini. Mzee mmoja akakohoa ndani ya kanzu yake. Amadi akakitazama kikombe, kisha akamtazama binti. Binti alikuwa mzuri, hilo halikuwa na ubishi. Akanywa tena. Akanywa la tatu, jasho linamtiririka. Nyuma ya pazia, Adija alisahau kupumua: kikombe kilikuwa kimefika nusu.

Amadi akafumba macho, akapeleka kikombe mdomoni, akakirudisha. Kisha, polepole, akakifudikiza juu ya kisahani.

Bahati akaangua kilio kilichosikika nyumba ya tatu.

"Si nilisema!" Mama Yuma alifoka. "Wivu! Umemuharibia mutoto wa bantu maisha yake!"

Adija alimshika binti mkono na, kama adabu inavyotaka, akamsindikiza mpaka kona ya barabara, kilio kikiwatangulia. Pale, kijana mmoja alikuwa ameinama, anajifanya kutengeneza mnyororo wa baiskeli.

Bahati akachungulia nyuma, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mama, nimelia muzuri?"

"Umepitisha kipimo kidogo," alisema Adija. "Panda baiskeli, Edouard wako anangoja tangu saa nane."