Muhuri wa Sukari

Muhuri wa tatu wiki hii, nao umetoka kinyume.

Mama Wino aliupeleka dirishani, akaukandamiza tena kwenye pedi ya wino, akaugonga kwenye karatasi mpya. Yale yale. Neno ni SUKARI, lakini karatasini limeanza na I, na kila herufi imegeuka kama inayoonekana kwenye kioo.

Jamani, mwanagenzi wa siku mbili akikosea hivyo utamsamehe. Lakini mumewe? Mtu aliyechonga mihuri ya mpira miaka thelathini na minne, mpaka wateja wakambandika jina la Fundi Kinyume, kwa sababu anaandika kinyumenyume upesi kuliko wenzake wanavyoandika sawa? Herufi ikisimama sawa kwenye mpira, karatasini itageuka. Hilo ni somo la kwanza, hata kabla hujashikishwa kisu.

"Mume wangu, na huu umeukosea."

"Sijaukosea," fundi alijibu bila kuinua kichwa. Alikuwa anachonga mwingine. Mkono wenye kisu ulitulia, mkono wa pili ukauzungusha mpira taratibu, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Haya, nani kaagiza muhuri wa SUKARI?"

"Hajaagiza bado."

Mama Wino aliketi, akainuka. Kaka mkubwa wa mumewe alianza hivi hivi, vitu vidogo vidogo, watu wakacheka. Mwisho alikuwa anawauliza watoto wake wa kuwazaa, "Nyinyi ni wa nani?" Mama Wino aliuogopa ugonjwa ule kuliko kifo. Siku mume huyu atakapomtazama na kumuuliza yeye ni nani, atamjibu nini?

Na dalili zilikuwa tele. Siku hizi mzee anaacha vitu ovyo. Kigoda anakiweka njiani. Mama Wino amekwisha kujigonga ugoko mara nne. Kikombe cha chai anakiacha ukingoni mwa meza, ukipitisha mkono tu kimekwenda. Juzi aliacha mlango wa kabati wazi, na paji la uso la mkewe ndilo lililolipa. Ukimkaripia, analeta mengine. Jana alisema, "Mama yako naye aligombana sana na vigoda."

Mama yake! Marehemu ana miaka kumi na tisa kaburini. Ameingiaje kwenye habari za kigoda?

Hata uchongaji wenyewe ulikuwa umeharibika. Herufi nene kama vidole, na mpira umechimbwa kina pembeni mwake utadhani anatafuta maji. Halafu anachukua msasa na kuzilainisha kingo. Muhuri gani unalainishwa kingo? Muhuri unataka ukingo mkali, la sivyo wino unatambaa.

Alichukua ufagio, akafagia vipande vya mpira ambavyo asubuhi alikuwa amevifagia.

"Huko pembeni bado," fundi alisema.

Hilo likamchoma. Mtu aliyesahau kuchonga leo anajua kufundisha watu kufagia. Akaegemeza ufagio ukutani, na machozi yakamjia bila ruhusa.

"Twende kwa daktari," alisema. "Nakuomba. Kama unanipenda, twende."

Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Huyu ndiye aliyekataa kung'olewa jino mpaka shavu likawa kama andazi. Lakini fundi aliweka kisu chini saa ile ile.

"Twende sasa hivi. Nilikuwa sijui nianzie wapi. Ila tutakwenda kwa daktari ninayemjua mimi."

Mkaidi akikubali upesi namna hiyo, ujue mambo yamefika pabaya. Njia nzima Mama Wino alimshika mkono, naye fundi akamshika yeye kwa nguvu zaidi. Kila walipofika kwenye ngazi alisimama, akamngoja.

Waliketi kwenye benchi la kungojea. Ukutani mbele yao palikuwa na bango la herufi tupu, kubwa juu, zikipungua kadiri zinavyoshuka. Mama Wino akadhani ni tangazo la mtu wa kazi yao. Alikuwa anapanga maneno ya kumwambia daktari: aanze na kaka mtu, au aanze na vigoda?

Fundi alitoa kipande cha mpira kwenye mfuko wa shati, akamwekea kiganjani.

"Fumba macho."

"Mzee, watu wanatutazama."

"Fumba tu."

Akafumba. Mgonjwa habishiwi. Akapitisha kidole gumba juu ya mpira mara moja, bila haraka. Herufi zilikuwa laini, kila moja imesimama peke yake.

"Chumvi," alisema.

"Umeisoma vizuri?"

"Si nimekwambia, chumvi. Hata mtoto angesoma."

Fundi alishusha pumzi ndefu. Mabega yake, yaliyokuwa juu tangu asubuhi, yalishuka. Alikirudisha kipande mfukoni pamoja na vingine, na Mama Wino akamhurumia mpaka akashindwa kumtazama.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akatoka na kadi mkononi.

"Fundi, ndiye huyu uliyekuja kutueleza habari zake juzi?"

"Ndiye."

Mama Wino aliinuka upesi amshike mumewe, asije akapotea humo ndani. Lakini muuguzi alikuwa amekwisha kuushika mkono wake yeye.

"Taratibu, mama," alisema. "Kuna kigoda hapo, kando ya mguu wako."